Mbao Zisizojulikana Kwao

Karakana ilikuwa nyuma ya mtaa wa mafundi, mahali ambapo mgeni haelekezwi kwa jina la barabara bali kwa masikio. Ukisikia msumeno unalia, fuata sauti hiyo. Ukianza kupiga chafya kwa vumbi la mbao, jua umeshafika. Ndani, maranda yalitanda sakafuni na kufunika vidole vya miguu. Patasi zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na harufu ya gundi iligombana na harufu ya vanishi tangu asubuhi hadi jioni bila mshindi kupatikana.

Mwenye karakana hiyo alikuwa fundi hodari, jambo ambalo hata mahasimu wake hawakulikana. Kiti alichokitengeneza yeye ungekikalia wewe, akakikalia mwanao, na mjukuu wako akakirithi kikiwa bado hakijalegea mguu. Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Dosari ya fundi huyu ilikuwa neno moja tu: "Najua." Ukimwambia mvua inakuja, anajua. Ukimwambia haiji tena, anajua vilevile. Siku moja mkewe alitaka kumpima, akamwambia kwamba jirani yao amejifungua mapacha. Mume akajibu "Najua" bila kuinua macho kwenye randa, ilhali jirani mwenyewe alikuwa kapera mwenye ndevu hadi kifuani. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Bwana Najua, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Ujuzi wake mkubwa, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa wa pua. Mbao mpya zikifika, alichukua ubao mmoja, akaunusa huku amefumba macho, kisha akatangaza, "Huu umetoka milimani, upande wa jua." Mafundi wake walitikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyewahi kwenda huko upande wa jua kuhakikisha. Kumwuliza muuza mbao nako hakukuwezekana, kwani mtaa ule ulikuwa na desturi yake: mbao haiulizwi kwao. Fundi akiuliza ataonekana mwanagenzi, na muuzaji atajiona anaitwa mwizi. Kwa hiyo watu waligonga mbao kwa vidole, wakapatana bei, wakabeba, wakaenda zao.

Aliyeikosea adabu desturi hiyo alikuwa mtu mmoja tu, naye ni mke wa Bwana Najua, msimamizi wa kazi ya msasa na vanishi. Huyo aliuliza kila kitu na kila mtu. Mumewe alimwonya mara nyingi kwamba maswali yake yatawaaibisha mbele ya watu, naye kila mara alimjibu kwa swali, "Yatatuaibishaje?"

Mwaka ule kazi zilikuwa zimedorora. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa mjini, na mafundi wa karakana walishinda wakinoa patasi zilizokwisha kunolewa. Bwana Najua aliwapenda mafundi wake. Baadhi yao aliwafundisha kushika msumeno tangu hawajaota ndevu, na wawili kati yao aliwaozesha yeye mwenyewe. Alikuwa amewaapia kwamba hatamrudisha mtu nyumbani, lakini kimoyomoyo alijua kuwa kazi isipopatikana kabla ya mwezi kwisha, kiapo hicho kitamshinda. Ndipo ikasikika habari kwamba kampuni moja kubwa ya samani inatafuta karakana ya kutengeneza rafu, meza na viti vya maktaba mpya ya mji. Hiyo ilikuwa kazi ya kuwaweka mafundi wote mpaka mwaka ujao. Bwana Najua akatengeneza kiti cha mfano kwa mikono yake, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kama shavu la mtoto.

Mnunuzi wa kampuni alikuja mwenyewe kukitazama. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni, na viatu vyake vilikuwa vya mtu anayetembea sana. Alikikalia kiti, akajitikisa, akakipindua miguu juu, akapitisha kidole kwenye kila kiungo. Kisha akatabasamu.

"Kazi safi, fundi. Sijaona kiungo kama hiki siku nyingi. Sasa niambie, mti huu kwao ni wapi?"

"Kwao?" Bwana Najua alishtuka kana kwamba ameulizwa umri wa mama mkwe wake.

"Ndiyo. Ulikatwa wapi, umekatwa na nani, na kwa kibali cha nani. Sisi hatununui mti usiojulikana kwao. Hata maboksi na karatasi za kufungia bidhaa zetu tunauliza zilikotoka."

Mafundi waliacha kazi, wakamtazama mkubwa wao. Bwana Najua akainua mguu wa kiti, akaunusa, akafumba macho. "Milimani," alisema. "Upande wa jua."

Mnunuzi hakucheka. "Vizuri sana. Basi Alhamisi utanipeleka huko nikaone visiki. Unaijua njia?"

"Naijua," alijibu. Neno lilimtoka kabla hajalishika mkia.

Gari la mnunuzi lilipotoweka kwenye kona, mkewe alimsogelea huku akijifuta vanishi mikononi.

"Baba watoto, hiyo njia unaijua kweli?"

"Naijua."

"Inaanzia wapi?"

"Inaanzia... si inaanzia hapa hapa?"

"Na inaishia wapi?"

"Mke wangu, wewe nawe! Njia inaishia pale inapoishia." Alichukua kofia yake, akatoka huku jasho jembamba likimtiririka.

Alikwenda moja kwa moja kwa muuza mbao. Huyo alikuwa bwana mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye kazi yake ya siku nzima ilikuwa kukaa juu ya rundo la mbao na kupepea kofia. Bwana Najua alikuwa ameapa kwamba hatauliza. Angemzunguka tu mpaka ajiseme mwenyewe.

"Barabara ya huko siku hizi ikoje?" alianza, akijitia hamnazo.

"Huko wapi?"

"Huko huko."

"Aa, huko! Mbaya kiasi," alijibu muuza mbao, akapepea kofia kwa kasi zaidi.

"Na wale watu wa kule, hawajambo?"

"Wale? Wazima kabisa. Si unawajua?"

"Nawajua, mbona."

"Basi, ni wale wale."

Wakatazamana, wakacheka sana. Kila mmoja alimwogopa mwenzake. Wangeendelea hivyo hadi magharibi kama mke wa Bwana Najua asingetokea langoni, aproni ikiwa bado kiunoni. Hakuketi, wala hakuzunguka mbuyu.

"Shemeji, habari za kazi? Hizi mbao unazotuuzia unazitoa wapi?"

Muuza mbao aliacha kupepea kofia. Bwana Najua alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote hiyo ya heshima, na sasa mke wake mwenyewe anakwenda kuivunja mchana kweupe!

"Shemeji," muuza mbao alisema mwishowe kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake, "umenishika pabaya. Hata mimi sijui. Lori linakuja limejaa, nalipakua. Naona aibu kumwuliza dereva, asije akasema mwenye mbao hajui mbao zake."

Bwana Najua aliduwaa. Alikuwa amemheshimu mtu huyu kwa miaka mingi kwa sababu alidhani anajua. Na mtu huyu alimheshimu yeye kwa sababu hiyo hiyo.

Dereva mwenyewe alikuwa uani, amelala kivulini chini ya lori lake. Watu walimwita Redio, maana alikuwa akishafunguliwa hazimwi. Kila mtu alimkwepa kwa sababu ya mdomo wake. Mama wa vanishi aliinama, akamwuliza swali lile lile alilomwuliza shemeji yake.

"Mbao?" Redio alitoka chini ya lori akijikung'uta vumbi, macho yakimwaka kwa furaha. "Mama, keti nikusimulie! Miaka yote nabeba mzigo huu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wananiambia tu 'Shusha hapa.' Mimi napakia mahali pawili. Pa kwanza ni kwa chama cha wapanda miti, watu wazuri, wana uji wa moto. Pa pili ni kando ya barabara kuu, pana rundo tu, wala mwenyewe humuoni vizuri. Zote naziweka pamoja, kwani mbao si mbao? Mkitaka, kesho nawapeleka. Ila njiani nitaongea."

"Tutavumilia," alisema mama.

Kweli aliongea, njia nzima, hata kwenye mteremko ambapo breki zilihitaji akili yake yote. Mahali pa kwanza palimfurahisha Bwana Najua kuliko alivyotarajia. Miti ilisimama kwa mistari, na palipokatwa mmoja palikuwa na miche midogo iliyozungushiwa nyasi kavu. Mwenyekiti wa chama, mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira, aliwaonyesha kibali chao na alama ya rangi waliyopiga kwenye kila kisiki. "Huu tuliupanda mwaka aliozaliwa kitinda mimba wangu," alisema, akipapasa kisiki kimoja kama mtu anayempapasa mbuzi wake. "Umeshatulipia paa la nyumba."

Mahali pa pili hapakuwa na mistari. Waliacha lori penye rundo la barabarani, wakafuata alama za magogo yaliyoburutwa, wakapanda hadi kwenye bonde la chemchemi. Huko miti mikubwa isiyopandwa na mtu ilikuwa imeangushwa ovyo, mingine imeachwa ioze kwa sababu haikunyooka. Chemchemi yenyewe ilikuwa imebaki uzi wa maji. Bibi mmoja alikuwa amechuchumaa hapo na ndoo yake, akiteka maji kwa kikombe.

"Shikamoo, bibi," Bwana Najua alisalimu.

"Marahaba, mwanangu." Aliwatazama, akalitazama vumbi la mbao kwenye viatu vya fundi. "Nyinyi ndio mnaozinunua?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa heri angeuliza kwa hasira. Bwana Najua alitafuta neno lake la siku zote, akakuta limemkauka kinywani. Alichukua kikombe mkononi mwa bibi, akachuchumaa, akaijaza ile ndoo mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu sana, na kila kikombe kilimwuma moyoni. Hata Redio aliacha hadithi zake, akaja kuishika ndoo isipinduke.

Waliporudi, muuza mbao alisikiliza habari yote huku ameshika tama. Kisha uso wake ukakunjuka. "Sasa shida iko wapi, fundi? Alhamisi mpeleke mnunuzi kule kwenye mistari na uji. Huku kwingine nani atamwambia? Kazi unapata, mafundi wako wanakula, mimi nauza. Funika kombe mwanaharamu apite."

Maneno hayo yalikuwa matamu. Bwana Najua alikwenda nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Aliwafikiria mafundi wake mmoja mmoja, hasa mmoja aliyekuwa akingoja mtoto wake wa kwanza. Mkewe, kwa mara ya kwanza tangu waoane, hakumwuliza chochote, na kimya hicho kilimtesa kuliko maswali yote aliyowahi kuulizwa.

Alhamisi ikafika. Mnunuzi alitembea kati ya miti iliyopandwa, akahesabu miche kwa macho, akasoma kibali, akanywa uji vikombe viwili. Alionekana ameridhika kabisa. Alipomaliza alivaa miwani, akatoa kalamu.

"Nimefurahi, fundi. Kwa hiyo mbao zote za karakana yako zinatoka hapa?"

Upepo ulipita juu ya miti. Mke wa Bwana Najua, aliyefuatana nao, alitazama chini. Bwana Najua alihisi lile neno likipanda kifuani, tayari, limezoea njia. Kulitamka kungechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, na maktaba nzima ingekuwa yake.

"Sijui," alisema.

Lilikuwa neno geni kinywani mwake. Alilitoa kama anayetoa mwiba wa samaki. Lakini lilipokwisha kutoka, mengine yalifuata kwa urahisi. "Mama, sijui. Nusu ni za hapa. Nusu nyingine zimekatwa bondeni, kwenye chemchemi, pasipo kibali cha mtu. Juzi nimekwenda nikaona kwa macho yangu, na nimeona haya. Dereva anazichanganya, muuzaji anazichanganya, na mimi nazinusa nikidanganya watu kwamba nazitambua. Hata kile kiti ulichokipenda siwezi kukuapia kwao ni wapi." Akavua kofia yake. "Sasa mimi nakuuliza wewe. Mtu aliyechanganya mbao zake namna hii, afanye nini ili ajirekebishe?"

 Mnunuzi akavua miwani, akaketi juu ya kisiki, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Fundi, wewe ni wa nne kunileta porini mwezi huu. Wa kwanza alinipeleka kwenye shamba la michungwa la mjomba wake, akaapa kwamba rafu zake zinatoka humo. Wa pili tulizunguka mpaka petroli ikatuishia. Wa tatu alinionyesha msitu mzuri, ila mlinzi wa msitu huo alitufukuza na mbwa. Wote walikuwa wanajua! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali." Akajifuta machozi. "Haya, umeniuliza, nitakujibu. Mbao ulizonazo ziweke kando zote. Hizo mimi sinunui, wala wewe usiziuze. Twende kwa afisa misitu tumweleze ulichokiona bondeni, yeye ataamua. Kuanzia leo nunua kwa hawa, na mzigo wao usichanganywe na mwingine, kuanzia kisiki mpaka karakana. Sitakupa maktaba nzima. Nitakupa chumba cha watoto. Nikirudi nikikuta kila ubao una kwao, nitakupa vyumba vingine."

Bwana Najua aliinamisha kichwa. Zile mbao za karakana alikuwa ameshazilipia, na hasara hiyo ilikuwa yake peke yake. Ila alijikuta amesimama wima zaidi kuliko alivyokuja.

Wakarudi karakanani. Mafundi walikuwa wameketi kwenye maranda, zana zimelala, macho yote mlangoni. Aliwaeleza kila kitu, hata lile bonde, hata ile ndoo, hata namna alivyowadanganya kwa pua miaka yote. Mmoja wao, ndiye yule aliyekuwa akingoja mtoto, alijikuna kichwa.

"Kwa hiyo, mzee, turudi nyumbani?"

"Mtarudi," alijibu Bwana Najua. "Jioni, kama siku zote. Sasa hivi kuna rafu za watoto. Nani anajua mtoto wa miaka sita anafikia kimo gani akinyoosha mkono?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Basi mkewe akafungua mlango, na karakana nzima ikatoka kwenda kuwauliza watoto wa mtaani, mafundi wenye ndevu wakipima mikono ya watoto kwa futi kamba, huku watoto wakijinyoosha kwa vidole vya miguu na kuvunjika mbavu kwa kicheko.

Chumba cha watoto kilikamilika, mnunuzi akarudi, akakagua, akauliza, akajibiwa. Vyumba vingine vikafuata kimoja baada ya kingine. Muuza mbao, alipoona wateja wake bora wamekwenda kununua kwa wapanda miti, naye akashika njia hiyo akiwa na kofia yake. Mafundi wa mtaa mzima wakaanza kumwuliza dereva mbao zimetoka wapi kabla hajazima injini, naye Redio hakuwahi kuwa na maisha mazuri kama hayo. Rundo la kando ya barabara likakaa bila mnunuzi, likanyeshewa, likaota uyoga. Na maafisa wa misitu walipopanda bondeni hawakukuta mtu mwenye shoka, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumuuzia. Chemchemi haikujaa kwa siku moja, lakini yule bibi sasa anateka kwa kata kubwa badala ya kikombe.

Haikuhitajika pua wala uganga kuyapata hayo yote. Lilihitajika swali moja lililoogopwa na mtaa mzima kwa miaka mingi. Ndiyo maana wahenga walinena, nao hawakukosea hata kidogo: kuuliza si ujinga.